Dume wa Msiba Wangu

Dume aliyewekwa kwa ajili ya msiba wangu alikuwa mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso na pembe moja iliyopinda kuelekea sikioni. Namjua vizuri kwa sababu nilimlisha mwenyewe tangu akiwa ndama, kabla miguu yangu haijafa. Leo natembea. Natembea nimepinda, na asubuhi za baridi mguu wa kushoto hugoma kwanza, lakini natembea. Dume ndiye hayupo.

Muuguzi anayegawa dawa kwenye dirisha letu pale Tukuyu ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wapo wanaoacha dozi katikati, na kwamba wananisikiliza mimi kuliko yeye kwa kuwa wanauona mgongo wangu. Nikamwambia mimi sina maneno matamu. Akasema matamu anayo yeye na yameshindwa kazi. Basi haya hapa ni machungu, na asiyeyataka aishie hapa.

Naitwa Gwamaka, nyumbani ni Isongole. Kazi yangu ilikuwa kupakia viazi. Anayejua viazi vya kwetu anajua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba cha viazi juu na kushonwa kwa kamba, hata linakuwa karibu gunia na nusu. Kwa miaka kumi na minne nilipanda na lumbesa ubao wa kupandia lori, na nilikuwa najisifu kwamba hakuna aliyenipita. Mgongo ulipoanza kuuma, nani angefikiria ugonjwa? Mgongo wa mpakiaji ukiuma, jibu liko shingoni kwake. Wenzangu walinicheka, wakasema uzee umepanda lori kabla yangu. Nilicheka nao, nikajipaka dawa ya kuchua, nikapanda ubao.

Nilijipaka dawa ya kuchua tangu viazi vya Juni mpaka vya Desemba. Nilikonda, suruali ikashikiliwa na kamba ya katani, na kila jioni homa ilinipanda, nami nikasema ni uchovu. Kuna mzee mmoja anayekanda watu. Nilimwendea, akanilaza kifudifudi na kunikanyaga uti wa mgongo kwa visigino vyake viwili. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Alisema kelele hizo ni lumbesa zinatoka. Nilimwamini, nikarudi kwake mara tatu. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa viazi, kila kitu tunakisingizia gunia, na sasa nikimwona kijana amejishika kiuno pale sokoni namfukuza aende hospitali hata akinitukana.

Siku niliyoanguka nilikuwa nusu ya ubao, lumbesa ikiwa begani. Niliuamuru mguu upande, na mguu haukupanda. Nikaanguka mimi upande huu, gunia upande ule, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya mwenye lori akiuliza kama viazi vimepondeka. Nilijishika mapaja. Yalikuwa mapaja ya mtu mwingine.

Walinibeba kwa machela ya mianzi hadi barabarani, na kuanzia hapo nikajifunza mabenchi ya hospitali. Benchi la kwanza walinipa vidonge vya maumivu. Benchi la pili wakanipa vilevile, ila vya rangi nyingine. Kwenye mabenchi unajua haraka nani amekuja na nani, nani ana mtu wa kumshikia chupa ya maji na nani anajishikia mwenyewe. Mimi nilikuwa na Atupele, mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa anainuka kila mlango ukifunguliwa, akiuliza, akirudishwa akae, akiinuka tena. Siku ya tatu daktari mmoja kijana alinigonga gonga mgongo kwa vidole, akafika kwenye kinundu ambacho mimi nilikiona ni mfupa tu, akakirudia. Akasema niende Mbeya nikapigwe picha kubwa, na niende kwa gari nimelala, nisikalishwe, na nisicheleweshwe.

Gari la kulala bei yake si ya bodaboda. Nilimwita kaka yangu Asajile. Baba alipofariki alimwachia Asajile zizi, na ng'ombe wote wa nyumba yetu wako chini ya mkono wake, hata wale niliowalisha mimi.

"Kaka," nilimwambia, "tumuuze yule mweusi."

Asajile alikaa kwenye kigoda akiuzungusha mfuniko wa chupa yangu ya chai. Ni mtu mpole, hajawahi kunipiga hata tulipokuwa wadogo.

"Yule hauzwi, Gwamaka. Omba kingine."

"Kingine kipi?"

"Nitaongea na watu wa kanisa, tuone."

Watu wa kanisa walikuja, wakaomba. Waliomba vizuri sana.

Aliyenipeleka Mbeya ni mama yake Atupele. Alitoka Kinyala kwa miguu, akiwa na kitenge chake cha kusafiria na kiroba cha maharage, akatukuta tumekaa tunatazamana. Hakuuliza mengi. Alirudi kwao siku iliyofuata, akauza nguruwe wake jike aliyekuwa na mimba, mnyama pekee aliyekuwa naye, na kesho yake gari likasimama mlangoni kwangu. Sikuona uso wake siku hiyo. Kwetu, kwa wanaoshika mambo ya zamani, mama mkwe haingii mahali alipolala mkwewe wa kiume, wala hamtazami akiwa amelala. Vijana wengi wameyaacha hayo, lakini yeye aliyashika. Walipokuwa wananiingiza garini alisimama nyuma ya mgomba akiwa ametupa kisogo.

Picha ilisema ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Atupele alicheka, si kwa dharau, alicheka kwa kuchoka. "Kifua kikuu mgongoni? Na hakohoi?" Daktari akaeleza. Sitaeleza tena hapa, kwa sababu sikuelewa zaidi ya mambo mawili: kwamba ni vidonge kila siku kwa mwaka mzima, na kwamba miguu inaweza kurudi, au isirudi.

Nyumbani neno hilo lilifika kabla yetu. Daktari alikuwa amesema siambukizi mtu, nilimsikia kwa masikio yangu, lakini shemeji yangu, mke wa Asajile, alikuwa ameshatenga kikombe changu. Kikombe cha bati chenye kutu mdomoni. Alikiweka dirishani peke yake, na watoto wa kaka wakakatazwa kuvuka kizingiti changu. Sikumlaumu sana kwa kuogopa. Nilimlaumu kwa kile kikombe, kwa sababu vizima vilikuwepo.

Dozi ilianza Januari mwishoni, mvua ikiwa haikatiki. Mambo ya mwili nitayasema waziwazi, kwa kuwa mimi hakuna aliyeniambia. Vidonge ni vikubwa, na vinataka tumbo lenye chakula. Mkojo unakuwa mwekundu wa rangi ya chungwa, na jasho pia linatia madoa kwenye shati, usiogope. Njaa inarudi kabla ya nguvu, kwa hiyo unakula chakula cha watoto na unajiona mwizi. Mimi haja zote nilizifanyia kitandani. Atupele aliniosha, akanigeuza kila baada ya muda ili nisioze mgongo, akaenda shambani, akarudi mbio kunigeuza. Mwanamke mwembamba, na mimi ni mpakiaji hata nikiwa nimekonda. Mwezi wa pili alianza kujishika kiuno kama mimi zamani, na nilikuwa nageuza uso ukutani nisimwone.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi. Alilala jikoni na watoto, akapika, akachota maji, na shamba lake la Kinyala likaota majani. Chumbani kwangu hakuingia hata siku moja. Alikuwa anakuja kukaa chini ya dirisha langu, upande wa nje, mgongo wake kwenye ukuta uleule niliolazwa kando yake, akimenya viazi.

"Gwe mkwe, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umemesa ndawa?"

"Nimemeza."

"Ndaga fijo." Yeye ndiye aliyekuwa ananishukuru.

Mara moja kwa mwezi tulishuka Tukuyu kuchukua dawa. Hapo pikipiki ilitosha kwa kuwa haikupatikana njia nyingine. Dereva mbele, mimi katikati, Atupele nyuma akinikumbatia, wenyewe vijana wanauita mshikaki. Alinifunga kwa kanga kwenye mgongo wa dereva, na miguu yangu akaifunga kwa mpira kwenye vyuma vya kukanyagia isiburuzike. Dirisha letu lilikuwa pembeni, mbali na wagonjwa wengine, benchi moja chini ya bati linalovuja. Wapitao walijifunika pua kwa kanga, na wengine walikuwa wanatufahamu.

Aprili, siku ya kuchukua dawa, mpira wa mguu wa kulia ulilegea njiani. Hatukujua. Tulipofika nyumbani Atupele alisikia harufu, akadhani jikoni kuna kitu kinaungua. Nyama ya mguu wangu ilikuwa imekaa kwenye bomba la moshi la pikipiki kutoka Tukuyu mpaka Isongole, na mimi nilikuwa nimezungumza na dereva njia nzima habari za mvua. Niliutazama ule mguu umebabuka, mweupe ndani, na sikuhisi chochote. Siku hiyo nilielewa kwamba miguu ile ilikuwa maiti, na kwamba naishi nayo kitanda kimoja.

Kidonda kilioza. Nikapandwa na homa, nikaongea maneno yasiyoeleweka siku mbili, na ndugu wakaitwa. Nilipopata fahamu ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, na sebule yangu ilikuwa imejaa. Ukuta kati ya chumba na sebule haufiki darini. Walidhani nimelala.

"Tukubaliane mapema," sauti ya Asajile ilisema. "Sitaki tuje tukimbizane siku yenyewe."

"Kaburi pale chini ya baba," akasema mjomba wetu.

"Sawa. Na ng'ombe ni yule mweusi. Nimemtunza kwa hilo."

Mwingine akauliza kwa aibu kidogo kama asingefaa kuuzwa, mgonjwa apelekwe tena Mbeya kwa hicho kidonda. Kisha kaka yangu akasema, na bado naisikia sauti yake ya upole:

"Watu watakuja kutoka Kyela, kutoka Mbeya, wakwe watakuja. Tutawalisha maharage? Nyumba ya baba ichekwe? Gwamaka ni mdogo wangu. Nitamzika kwa heshima."

Wakakubali wote. Nikasikia vikombe vinakusanywa.

Nimeulizwa na wengi ni nini kilinikatisha tamaa, na wanategemea niseme ni maumivu. Maumivu mtu anazoea. Mimi nilikatishwa tamaa na heshima. Dume alikuwepo. Alikuwepo siku nilipomwomba, alikuwepo siku mama mkwe alipouza nguruwe wake, na alikuwa anakula majani akinenepa huku mimi nikioza mguu. Hawakuwa maskini wa kuniponya. Walikuwa wananiwekea. Nikasema moyoni, kama ndivyo, basi nisiwacheleweshe, dume asije akazeeka.

Kesho yake Atupele aliponipa vidonge nilivisukuma nyuma ya shavu, nikanywa maji, nikafungua mdomo kama kawaida, naye akaangalia kidogo tu kwa sababu alikuwa ananiamini. Alipotoka nikavitema. Kitanda changu kilikuwa cha mianzi, na mwanzi wa upande wa ukutani ulikuwa umekatwa juu ya kifundo, ukabaki wazi kama kikombe kirefu. Nikavidondosha humo. Siku iliyofuata tena. Ilikuwa rahisi, na sitadanganya, nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke kulikuwa na jambo moja ninaloliendesha mwenyewe.

Siku kumi na tisa. Mama mkwe chini ya dirisha aliuliza kila siku kama nimemeza, nami nikamjibu nimemeza, naye akasema ndaga.

Aliyenikamata ni mkojo wangu. Atupele alikuwa anamwaga kopo nyuma ya nyumba kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Asubuhi hiyo hakumwaga. Alirudi nalo, akafungua dirisha, akaliinua kwenye mwanga mbele ya uso wangu.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu. Wa nani mwingine?"

"Wako ni mwekundu. Huu ni wa mtu mzima wa afya." Akaliweka chini taratibu lisimwagike. "Umepona lini, Baba Lugano, bila kuniambia?"

Alikung'uta blanketi, akapekua mto, akanisukuma upande mmoja kama gunia. Aliponisukuma kitanda kilitikisika, na mwanzi ukalia. Tulitazamana. Alitoka, akarudi na panga, akaupiga ule mwanzi mara mbili chini ya kifundo. Vidonge vikamwagika sakafuni, vingine vimeota ukungu, vingine vimegandana. Kitanda kikainama upande wa ukuta nami nikainama nacho.

Atupele hakulia. Ningependa angelia. Alipiga magoti akaviokota kimoja kimoja kwenye kiganja, na alipomaliza akasema:

"Wanataka nyama, wewe unawapa nyama. Mimi unanipa nini? Nakubeba mwezi wa tano huu. Ukitaka kufa niambie asubuhi, nisiamke bure kukugeuza."

Nikamwambia habari ya dume. Nilimwambia yote niliyoyasikia, nikingoja anihurumie. Akasema, "Nayajua. Nilikuwa napika chai yao."

Kisha sauti ikatoka chini ya dirisha. Sikujua kama mama mkwe alikuwepo. Aliongea polepole, akitafuta Kiswahili, kwa kuwa Kinyakyusa kingekuwa kikali mno kwa mkwe.

"Mkwe. Mimi nimeusa nguluwe wangu."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa na watoto tumboni. Sikumuusa ili wewe ujase mwansi."

Nikasikia anainuka, anakung'uta maganda ya viazi kwenye kitenge chake, anaondoka. Kwa heshima yake yote aliyoishika, hayo yalikuwa matusi makubwa kuliko kama angeingia ndani na kunipiga kofi.

Nilimeza vidonge vya siku hiyo. Muuguzi anapenda niseme hapa kwamba nilipata tumaini. Sikupata. Nilimeza kwa aibu, na siku zilizofuata nilimeza kwa hasira, kwa sababu sikutaka yule dume aliwe na watu waliokuwa wameshapanga nani atashika kisu. Kama wewe huna tumaini, usijilaumu na usilisubiri. Meza kwa aibu. Meza kwa hasira. Kidonge hakiulizi umekimeza kwa nini.

Ilibidi twende kusema kwenye dirisha. Atupele alikataa kunisemea. Alisema mdomo wangu ndio uliotema, basi mdomo wangu useme. Nilisema mbele ya benchi lote. Muuguzi alifunga daftari lake, akasema siku hizo zote nitazilipa mwishoni, na kama mwili umeanza kuzoea dawa tutajua baadaye, na hatutafurahi. Hakupiga kelele. Alisafisha kidonda cha mguu mwenyewe na kuniambia nije kila wiki.

Kwenye benchi lile kulikuwa na Bi Zuhura, fundi cherehani wa pale mjini ambaye wazee wake walitoka pwani. Yeye kifua kikuu kilimkaa kwenye tezi za shingo. Alinisikia nikisema siku kumi na tisa, watu wengine wakaangalia pembeni, yeye akasogea karibu.

"Mwanangu, mimi mwenzio nilikonda mpaka pete ya ndoa ikadondokea chooni," alisema. "Mume wangu akauliza iko wapi, nikamwambia ifuate."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo. Akatoa futi yake ya kupimia shingoni, akanizungushia kiunoni palepale, akaninong'oneza, "Mgongo huu unataka mkanda." Wiki iliyofuata alikuja nao, ameushona kwa turubai na mikanda ya begi kuukuu, mishono miwili miwili. Nilipotaka kumshukuru akasema shukrani yake ni nije nao dukani kwake kwa miguu yangu. Nilienda, mwaka uliofuata. Aliniangalia nikiingia, akaniambia nimeufunga juu chini.

Isongole Julai ni baridi ya kuua miche. Asubuhi moja niliamka nikalalamika kwamba blanketi limefunuka, kidole gumba cha kushoto kinaganda. Nililalamika kabisa, kwa kununa, kama mtu yeyote anayelalamikia baridi. Atupele alikuwa anawasha moto. Alisimama.

"Kidole gani?"

Alikishika kwa mkono wake uliotoka kwenye maji, nikamwambia toa mkono, ni wa baridi. Ndipo alipolia, na mimi nililia, na nje chini ya dirisha mtu aliacha kumenya viazi.

Kutoka kidole mpaka magoti ni miezi. Agosti nilikaa bila kuegemezwa. Mahindi yalipokuwa ya kuchoma nilisimama nikiwa nimeshika fito mbili za mianzi, nikaanguka, nikasimama. Mvua ya pili ilinikuta natembea hadi chooni peke yangu, safari niliyoifurahia kuliko zote nilizowahi kusafiri. Mama mkwe alirudi Kinyala kupalilia shamba lake siku aliponiona nimesimama mlangoni. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama, aliweza kunitazama. Alinitazama mara moja, akasema, "Umelefuka," akachukua kiroba chake. Siku nilizozitema nilizilipa zote mwishoni kama nilivyoambiwa, na dozi ikaisha.

Na Asajile hatukugombana. Alifurahi kwa moyo wake wote, akaniletea maziwa. Sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia. Dume alibaki zizini.

Kupakia siwezi tena. Nashona midomo ya lumbesa, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, sindano na kamba, ni kazi ya wazee na sasa ni yangu. Machi iliyopita Atupele alirudi kutoka Kinyala akasema mama miguu imevimba na anapumua kwa shida akipanda kilima. Nilikuwa na sindano mkononi. Nikasema tukimaliza viazi vya Juni tutampeleka Mbeya, akapimwe vizuri. Nilisema kwa nia njema kabisa. Atupele alisema sawa. Aprili akasema hivyo tena, nami nikasema hivyo tena. Nilijua mabenchi, nilijua ubaya wa kuchelewa, nilikuwa nawafukuza vijana sokoni waende hospitali. Mama mkwe mwenyewe alituma neno kwamba tusihangaike, ni uzee.

Alifariki kabla ya viazi vya Juni.

Mkwe haendi mikono mitupu kwenye msiba wa mama mkwe. Asajile alikuja asubuhi hiyohiyo akiwa amemfunga kamba yule mweusi, hakungoja nimwombe.

"Mchukue," alisema. "Yule mama alikubeba. Tusimwaibishe."

Nilitaka kumkokota mwenyewe. Asajile alifuata nyuma na fimbo. Kwa mtu mzima ni mwendo wa nusu siku, kwangu ulikuwa siku nzima, mkanda wa Bi Zuhura kiunoni, fito mkono mmoja na kamba mkono mwingine. Mahali fulani kwenye mteremko tulipumzika, dume akala majani, na nikamwambia kaka kwamba Jumapili ile sikuwa nimelala.

Alikuwa analia, lakini hakuwa anaomba msamaha.

"Sasa nilikosea nini, Gwamaka?" aliuliza. "Ungekufa, ungelazwa bila ng'ombe?"

Nilikuwa na jibu. Nimelitunza zaidi ya mwaka, nimelinoa kitandani kila siku. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba dume huuzwa mtu akiwa hai, na hapo nikaiona kamba mkononi mwangu. Tangu Machi dume alikuwa palepale zizini. Safari hii Asajile hakumkatalia mtu. Hakuna aliyemwomba. Mimi sikumwomba.

"Twende," nilisema, "kunakuchwa."

Tulipofika Kinyala vilio vilipanda, kisha watu wakatupisha njia. Wazee walimzunguka dume, wakamshika nundu, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Shemeji yangu mkubwa, kaka yake Atupele, alinipokea kamba kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, mkwe. Mmemheshimu sana mama."

Atupele alikuwa ametangulia tangu asubuhi. Alitoka ndani, kanga kiunoni, macho yamevimba, akasimama mlangoni. Alimtazama dume kuanzia pembe mpaka mkia, kisha akanitazama mimi.

"Amenenepa," alisema, na akarudi ndani kwa mama yake.